Ndege Pekee Mwenye Macho

Inatangazwa kwa wananchi wote wa mkoa wa Simiyu, wenye kusikia na wenye kujifanya hawasikii, kuanzia Bariadi mjini hadi Lamadi ufukweni mwa ziwa, kwamba leo Jumamosi nyumba ya ukoo wa Mboje itapokea ugeni mzito wa Mtaalamu wa Sanaa kutoka Mwanza. Mtaalamu atakagua, atatambua na kuthamini hazina ya ndege wa mbao iliyoachwa na fundi mkuu wa ukanda huu, marehemu Bundala Mboje. Wananchi mnaombwa kujitokeza kwa wingi, mkiwa nadhifu. Mbuzi hawaruhusiwi.

Tangazo hilo lilisomwa na Mayige, mdogo wake marehemu, akiwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, mwiko mkononi kama kipaza sauti. Hadhira ilikuwa mbuzi watatu na kuku mmoja mwenye mafua. Mbuzi mmoja alijisaidia katikati ya hotuba, na huo ndio ulikuwa mchango pekee kutoka kwa wananchi.

"Shuka kwenye kinu changu," Bibi Milembe alisema kutoka jikoni. "Hicho si jukwaa, mume wangu."

Wasukuma wana utani wao, na bibi na mjukuu wake wa kiume wana utani kuliko wote. Bibi Milembe alikuwa na waume wawili, wote wajukuu zake. Bundala alikuwa mume mkubwa. Mayige alikuwa mume mdogo, na alipokuwa hajaoga aliitwa mume wa mkopo. Tangu mazishi Bibi hakusema tena mkubwa wala mdogo. Alisema mume wangu, basi. Mayige alikuwa amepandishwa cheo bila usaili, na cheo chenyewe hakukitaka.

Alishuka, akakipindua kinu, akakipangusa kwa shati lake. Leo hakutaka kumuudhi Bibi kwa jambo lolote, hata dogo. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na jambo moja kubwa, na Mtaalamu alikuwa njiani kuja kulikagua.

Jambo lenyewe lilikuwa ndege.

Bundala alianza kuchonga kwa sababu ya kwelea. Kila mtama ulipoanza kuweka punje, kwelea walishuka kama wingu lenye njaa, na watoto walishinda shambani wakipiga madebe mpaka sauti ziwakauke. Bundala, ambaye hakupenda kelele, alichonga mwewe wa mwarobaini, akamning'iniza kwenye mti mrefu kwa uzi wa nyavu kutoka Lamadi. Upepo ukamzungusha, kwelea wakatawanyika. Baada ya muda walimzoea na kuanza kumkalia kichwani, lakini wakati huo nusu ya kijiji ilishakuja kuomba mwewe. Kutoka mwewe akaenda kwenye kanga, korongo, jogoo. Madereva wa magari ya watalii wanaoelekea Serengeti wakaanza kusimama Lamadi kuwaulizia.

Jogoo mmoja alifika hadi shule ya bweni ya Mayige, ndani ya begi, chini ya madaftari. Mayige alimweka dirishani kwa mwalimu wa taaluma. Mwalimu alimfukuza kwa mdomo, kisha kwa chaki, kisha kwa kiatu cha mguu wa kulia. Kwa adhabu Mayige alifyeka uwanja wa mpira peke yake, lakini Bundala alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini, na Mayige angefyeka viwanja vyote vya mkoa ili kumwona akicheka vile tena.

Lilikuwepo sharti moja ambalo kila mtu aliyenunua ndege kwa Bundala alilijua. Ndege hakuwa na macho mpaka apate mwenyewe. Bundala alimaliza mabawa, mkia, mdomo, akampaka samli, akampandisha kwenye dari ya jiko ale moshi. Na kipofu yule alikaa pale hata mwaka. Siku mwenye ndege alipojulikana, Bundala alitia spoku ya baiskeli kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, akachoma jicho la kwanza, akachoma la pili, akamgeuza ndege amwone mtu wake. "Haya," alisema, "mshafahamiana." Ndege mwenye macho alikuwa na mtu. Ndege kipofu alikuwa bado anasubiri. Hakuna aliyewahi kuona kinyume chake.

Bibi Milembe hakuwahi kupewa ndege. Kila alipouliza, Bundala alijibu, "Wako anakuja, mke wangu. Wako sitaki kumharakisha."

Na Mayige naye hakuwahi kupewa. Yule jogoo wa shuleni alikuwa kipofu, wa kuazima. "Wewe wako siku ukimaliza fomu foo," Bundala alimwambia. "Nikikupa sasa hivi utamwuza ununue maandazi."

Kisha lori la pamba liliikuta pikipiki ya Bundala kwenye kona, njia ya Lamadi. Mayige alikuwa katikati ya mitihani ya moko, ile ya majaribio ya fomu foo. Wakubwa walikaa, wakashauriana kwa upole wote waliokuwa nao, wakakubaliana kwamba mtoto asiambiwe mpaka amalize. Wakazika. Wakaanua matanga. Siku Mayige alipofika Bariadi kwa likizo, shangazi yake Minza alimpokea stendi, akambebea begi, akazungumza habari za mvua.

"Bundala yuko wapi?" Mayige aliuliza. "Mwambie soksi zake nimerudi nazo. Moja."

"Tutaongea nyumbani."

Nyumbani, nyuma ya zizi, palikuwa na tuta la udongo ambalo halijawekewa saruji. Mayige alilitazama muda mrefu. Akageuka, akawatazama wote waliosimama, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta nani atacheka wa kwanza.

"Mmeniweza," alisema. "Sasa mtoeni."

Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo Mayige aliamua kwamba watu waliomficha kaka yake chini ya ardhi nao wanastahili kufichwa kitu. Angewatania utani wa karne. Angechonga ndege kama wa Bundala, amweke darini katikati ya ndege wa Bundala, na siku moja wote wakiwa wamekaa angesimama na kutangaza kwamba mmoja ni wake, na kwamba katika ukoo mzima hakuna aliyejua tofauti. Ndivyo alivyojieleza kwa nafsi yake, na nafsi yake haikumwuliza maswali.

Alichukua gogo lilelile la mwarobaini, tezo ileile, kisu kilekile kilichotengenezwa kwa msumeno uliovunjika. Alichongea kandokando ya bwawa la ng'ombe, akajikata vidole, akaharibu korongo mmoja na kanga wawili ambao waliishia kuivisha maharage. Hatimaye akapata mwewe. Akampaka samli. Akamtia moshi. Akamchoma macho.

Na kabla utani haujafikia siku yake, Bibi Milembe alipanda darini kutafuta ungo, akamkuta.

Mayige alikuwa uani aliposikia kilio. Alikimbia, akidhani Bibi ameanguka. Alimkuta amekaa chini, mwewe mapajani, anamshika macho kwa kidole gumba, jicho moja kisha la pili.

"Ana macho," Bibi alisema. "Mayige, tazama. Wote vipofu, huyu ana macho. Alishamaliza. Alikuwa anangoja tu kunikabidhi."

Mayige alifungua mdomo. Ulikuwa mdomo uliowahi kumdanganya mwalimu wa zamu, mpishi mkuu na paroko kwa siku moja. Safari hii uliuliza tu kama ungo umepatikana.

Usiku ule Bibi alikula ugali wake wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi. Kesho yake akamweka mwewe dirishani karibu na kitanda. Kila asubuhi, kabla ya kumsalimia mtu yeyote, alimsalimia ndege. "Mwangaluka, Bundala." Na Mayige, aliyelala chumba cha pili, aliisikia salamu hiyo kila siku, akajifunika shuka hadi kichwani.

Mtaalamu aliwasili kwa bajaji, akiwa amevaa gauni la kitenge na raba za kukimbilia. Aliitwa Flora. Miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi, na alisalimia kwa Kisukuma kizuri, jambo lililompa Shangazi Minza furaha na wasiwasi kwa pamoja, kwa kuwa alikuwa amepanga kumsema kwa lugha hiyohiyo.

"Nilimwona kanga wake kwenye hoteli moja Lamadi," Flora alieleza baada ya maji ya kunywa. "Halafu nikaona wawili kwa dereva mmoja. Hakuna aliyejua jina la fundi. Tunaandaa maonyesho pale Mwanza, ndege wa mbao wa Kanda ya Ziwa. Nataka wakae na jina lake."

"Lenye herufi kubwa?" Bibi aliuliza.

"Kubwa, mama."

"Basi wateremsheni."

Mayige aliwateremsha. Walitandikiwa turubai la kuanikia pamba, nao wakasimama juani, vipofu wote, kama wanafunzi mstarini wanaosubiri kukaguliwa kucha. Flora aliosha mikono, akaikausha, akapiga magoti. Mtu yeyote mwingine angewatazama nyuso. Yeye alimpindua kila mmoja na kumtazama tumboni kwanza.

"Unawatafutia jinsia?" Shangazi Minza aliuliza.

"Namtafuta fundi," Flora alisema. "Usoni kila fundi anajipendekeza. Tumboni hakuna anayejipendekeza, anamaliza tu kazi. Kisu kinapita kama kilivyozoea." Aliinua kanga, akampima uzito kiganjani, akamnusa. "Mwarobaini. Mbichi alipochongwa, amekaukia kwenye moshi polepole, ndiyo maana hana ufa hata mmoja. Wengine wanakausha juani kwa haraka ili wauze." Akampitishia ukucha chini ya bawa. "Ee. Hebu niambieni kitu. Marehemu alikuwa mashoto?"

Bibi Milembe alijishika kidevu. "Umejuaje?"

"Mikato yote inalala upande mmoja. Angalia hapa, na huyu, na huyu. Kisu kimetoka kushoto. Kama sahihi."

Bibi alicheka, kicheko ambacho kilikuwa hakijasikika pale nyumbani kwa muda mrefu. "Darasa la kwanza walimfunga mkono huo kwa kamba ili aandike kwa wa kulia. Nilikwenda shuleni na mchi. Sikumpiga mtu, niliushika tu. Walimfungua."

"Walijua unatwanga," alisema Shangazi Minza.

Wote walicheka, na Mayige alicheka kwa sauti kuliko wote. Kwa mwewe wake alikuwa amekumbuka samli. Alikuwa amekumbuka moshi. Katika maisha yake yote hakuwahi kufikiri kwamba mkono unaweza kuonekana kwenye mti baada ya mkono wenyewe kuondoka.

Flora aliendelea. Mmoja mmoja alimtambua, akaeleza kwa nini korongo yule ana thamani kuliko wenzake, kwa kuwa shingo ile imefuata mkunjo wa tawi lenyewe na haikulazimishwa. Kwa nini kanga mwenye mkia uliovunjika na kuungwa na Bundala mwenyewe hashuki thamani. Kwa nini hatakubali mtu yeyote awachome macho. "Mjini watasema hawajakamilika," alisema. "Waacheni waseme. Nitaandika pale, kama mlivyonieleza, kwamba wanasubiri wenyewe."

Shangazi Minza alijipangusa macho kwa pindo la kanga aliyojifunga na kusema vumbi limezidi. Mayige alianza kupumua. Kazi ilikuwa imekwisha. Bajaji ilikuwa inangoja.

Ndipo Bibi Milembe aliponyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na kitu alichokifunika kwa kitambaa chake cha kanisani.

"Huyu hauzwi," alisema. "Wala haendi Mwanza. Nataka tu mtu anayejua aniambie thamani yake. Huyu ndiye wa mwisho. Huyu aliniachia mimi."

Alimfunua mwewe.

Flora alimpokea kwa mikono miwili. Alitabasamu, akampindua, na tabasamu likabaki pale mdomoni kama kitu alichosahau kukiondoa. Alipitisha ukucha chini ya bawa. Akaupitisha tena. Akavaa miwani. Akamtazama Mayige mara moja tu, haraka, kisha akarudisha macho kwa ndege.

"Mzuri," alisema.

"Wale wengine ulisema mengi," Bibi alisema. "Huyu mzuri tu?"

"Mama, fundi hubadilika. Kuna siku mkono unakuwa..."

"Kisu kimetoka upande gani?"

Mayige alijibu. Alijibu upesi, kwa ile sauti nzito aliyoitumia mbele ya walimu, sauti ya mtu ambaye hajawahi kudanganya tangu ubatizo.

"Alikuwa ameumia mkono wa kushoto, Bibi. Aliteguka. Ndiyo maana huyo alimchonga kwa wa kulia. Ni jambo linalojulikana."

"Aliumia lini?"

"Mwishoni mwishoni hivi. Kabla ya ile ajali."

"Wewe ulikuwa shule," Bibi alisema polepole. "Hata kufa kwake hukuambiwa. Kuteguka ulijuaje?"

Kuku mwenye mafua alipiga chafya. Hakuna aliyemtazama. Shangazi Minza aliinama, akaanza kukunja pembe ya turubai ambayo haikuhitaji kukunjwa.

"Mama Milembe," Flora alianza, kwa upole, "kuna vitu vina thamani yake bila kuulizwa sana. Mimi nakushauri umrudishe dirishani, na..."

"Usinihurumie, mwanangu. Sisi hapa tulimhurumia mtu mmoja, tukamficha msiba. Hajatusamehe mpaka leo, anatufanyia vichekesho tu." Bibi alikuwa akimtazama Flora, si Mayige. "Niambie unachokiona. Hilo ndilo lililokuleta."

Flora alisema, sauti yake ikiwa ya kazi, kwa kuwa sauti nyingine yoyote ingemshinda.

"Si mkono wake. Huyu kachongwa na mtu wa mkono wa kulia, aliyejitahidi sana. Hapa alikata kwa nguvu kupita kiasi, akaogopa, akasugua kwa msasa kuficha. Bundala hakusugua. Na macho..." Alimgeuza ndege. "Kanga wa Lamadi wana macho ya chuma cha moto, shimo tu, moja kubwa moja dogo. Haya yamelingana. Ni duara kamili, na katikati ya kila duara kuna tundu la sindano. Haya yalichorwa kwa bikari kwanza, halafu yakachomwa kufuata mstari."

"Bikari ni nini?"

"Ni kifaa cha hesabu, mama. Cha kuchorea duara. Wanacho wanafunzi."

Bibi Milembe hakugeuka mara moja. Alinyoosha mkono, akamchukua mwewe wake, akamshika macho kwa kidole gumba kama alivyofanya siku ile darini, jicho moja kisha la pili. Safari hii kidole kilizunguka taratibu, kikifuata duara, mpaka kikakuta lile tundu katikati. Kikasimama hapo.

Katika nyumba ile kulikuwa na mwanafunzi mmoja.

"Kwa hiyo wangu hakuja," Bibi alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayefunga mlango wa chumba ambacho hakuna anayelala tena. Kisha akamgeukia Mayige, na mikunjo yote ya uso wake ilikuwa imelegea.

"Nimemsalimia kila asubuhi," alisema. "Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Ulicheka?"

Mayige alitikisa kichwa. Mbuzi walikuwa wamerudi na kusimama kandokando ya turubai, katikati ya ndege vipofu, wakimtazama.

"Ulitaka kututania," Bibi alisema. "Kwa sababu tulikuficha. Hilo naweza kulielewa. Lakini niambie. Ndege wa utani ungemwacha kipofu kama wenzake, asingejulikana kabisa. Macho ulimchoma ya nini?"

Hilo ndilo swali ambalo nafsi yake haikuwahi kumwuliza. Lilimkuta wima, mikono mitupu, mbele ya mgeni na shangazi na mbuzi watatu, naye akasikia uso wake ukianza kufanya mambo ambayo hakuuruhusu.

"Haukuwa utani, Bibi," alisema. "Nilidanganya. Nilijidanganya na mimi mwenyewe. Aliniahidi wa kwangu nikimaliza fomu foo. Sasa nikimaliza nani atanipa? Nikasema nimchonge mwenyewe, nimchome macho aniangalie, nijifanye nimekabidhiwa. Nikamweka darini ili nikimteremsha ionekane katoka kwake." Alipangusa pua kwa kiganja, kama mtoto. "Ni mimi niliyemchonga. Na wewe ulipomshika ukalia, nilishindwa kukwambia kwamba ni wangu."